Kanuni Niliyomtungia Mama

Jumamosi moja hapa Beni nilipita mbele ya kanisa letu nikawakuta vijana wakibandika tangazo la kwaya ukutani. Walikuwa na sufuria ndogo ya gundi ya unga wa muhogo, ile ambayo sisi huiita kole, bado ina joto, na mmoja wao alikuwa akiipaka kwa vidole. Harufu yake ni ya uji ulioungua kidogo, na ndani yake mna uchachu. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya, mwanamke mzima mwenye mume na kazi, nikiona wivu juu ya mambo ya sixième, darasa la sita, kule Butembo, mwaka ambao mama yangu alikuwa mwalimu wangu.

Kama nawe uliwahi kusomeshwa na mzazi wako, huhitaji kuelezwa. Mama aliniambia kabla ya siku ya kwanza, akinikata kucha kwenye baraza: "Mukalasi, mule darasani, miye hapana mama yako. Utaniita Madame, sawa na bengine." Nilikubali haraka. Nilidhani ni mchezo, kama watoto wanavyocheza nyumba, na kwamba mimi na yeye tutakuwa tukikonyezana juu ya vichwa vya wenzangu. Hakunikonyeza hata mara moja. Darasani sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, laini, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, naye aliigawa kwa watoto wote. Nyumbani tulipata kilichobaki: mtu aliyevua viatu mlangoni akaketi kwenye kigoda na kufumba macho, huku mdogo wangu akimvuta kikwembe alichojifunga kiunoni. Baba alikuwa akinunua viazi huko Kipese na kuvipeleka kuuza Beni, kwa hiyo jioni nyingi tulikuwa sisi watatu tu, na mmoja wetu alikuwa amekwisha kugawiwa mjini.

Hata hivyo nilikuwa na vitu vyangu viwili. Cha kwanza kilikuwa njia. Asubuhi tulishuka pamoja kutoka kilimani, ukungu ukiwa bado umeshikamana na mikaratusi, yeye na mfuko wake wa madaftari, mimi na boksi la chaki. Kubeba lile boksi ilikuwa kazi yangu, hakuna mwingine aliyeligusa. Cha pili kilikuwa kiazi. Wakati wa mapumziko nilimfuata nyuma ya darasa, karibu na pipa la maji ya mvua, akatoa kiazi cha Kipese kilichochemshwa na chumvi, akakivunja na kunipa nusu iliyo kubwa. Nilikila polepole nikimtazama, na kwa dakika zile alikuwa wangu.

Lilikuwepo pia suala la jina. Kwetu sisi Wanande binti wa kwanza huitwa Masika, na kwa kuwa kila nyumba ina binti wa kwanza, darasani tulikuwa Masika wengi. Ili asichanganyikiwe, Mama alituita kwa majina ya kanisani. Mimi nikawa Espérance. Sikuchukia, maana Masika nililiacha nyumbani kila asubuhi kama nguo ya Jumapili, nikijua nitalikuta jioni.

Halafu akaja Masika wa Oicha.

Ulikuwa msimu ule ambao watu wa upande wa Oicha walikuwa wakiingia Butembo na magodoro juu ya pikipiki, na wakubwa walishusha sauti kila mtoto alipokaribia. Alikuwa mrefu kutupita sisi wote, mwembamba, shati lake jeupe limeazimwa mahali, mikono yake ikichungulia kutoka kwenye mikono ya shati. Mama alimuuliza jina. Akasema Masika. Mama akamuuliza jina lingine, la kanisani au la ukoo. Akasema Masika tu. Wenzangu wakacheka. Mama hakucheka.

"Basi, Masika," akasema. "Kaa hapa mbele."

Alilitamka kwa ile sauti ya darasani. Mimi nyumbani nilikuwa na jina bila sauti ile, na shuleni nilikuwa na sauti ile bila jina. Yeye alipewa vyote viwili siku ya kwanza, kabla hajakaa.

Ilitukia kwamba siku hizo Mama alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya walimu na njia mpya ya kufundisha civique, somo la maadili. Zamani tulinakili tu ubaoni kwamba mtoto mwema huwatii wazazi, tukakariri, tukapewa alama. Sasa aligeuza madawati yakatazamana, akatuweka vikundi vikundi, akatupa jambo la kufanya, kisha akatuacha tugombane. Mkurugenzi wa shule alipita mlangoni akatazama ile kelele. Mama akamwambia kwa heshima zote kwamba wema hauingii kwa kunakili.

Mara ya kwanza alileta mananasi. Kila kikundi kilipewa nanasi moja na kisu kimoja, na sharti kwamba anayekata ndiye atakayechagua wa mwisho. Katika vikundi vingine kulizuka kesi za kweli. Katika kikundi chetu Masika wa Oicha alikichukua kisu bila kuuliza, akalisimamisha nanasi, akalizungusha mara moja, akakata. Vipande vililingana kama matofali. Mama alikuja akasimama juu yetu, akamuuliza ni nani aliyemfundisha kukata hivyo.

"Kwetu tulikuwa bengi," akajibu.

Mama aligeuza uso akatazama dirishani kwa muda. Nilimjua kwa kitu kimoja: Baba akimsifia chakula, hugeuza uso hivyohivyo ili tusione anavyotabasamu. Kwa hiyo nilielewa kwamba anatabasamu. Lile neno "tulikuwa" lilinipita sikioni kama jina la mji usioujua. Nilikula kipande changu, sawasawa na vya wengine, nikakiona kichungu. Wiki ile nyumbani nilikata kila kitu sehemu zinazolingana, bugali, mkate, hata kipande cha sabuni ya kufulia, nikaviweka mbele ya Mama nikangoja. Aliniambia tu nisichezee sabuni.

Mara ya pili ilikuwa kufungana macho. Wawili wawili, mmoja amefungwa kitambaa, mwenzake anamwongoza kutoka darasani hadi kwenye bomba la maji chini, na ile njia ya udongo mwekundu ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku. Shabaha ilikuwa tujifunze kubeba uzima wa mtu mkononi. Masika wa Oicha alibaki bila mwenzi, maana idadi yetu haikugawanyika kwa mbili. Mama akavua fulari yake kichwani, akajifunga macho mwenyewe, akaweka mkono begani kwa yule msichana. "Niongoze," akasema.

Mama yangu alikuwa mtu asiyekubali nimshike mkono hata kwenye ubao wa kuvukia mtaro. Sasa alishuka mteremko ule na viatu vyake vya Jumapili, kipofu, akimwamini mtoto aliyemjua majuzi. Mimi nilikuwa namwongoza Paluku, mtoto wa muuza vipuri vya pikipiki. Nilimsahau kabisa. Aliingia mzima mzima kwenye ua wa misonobari, akatoka na majani kwenye nywele, akatangazia shule nzima kwamba Espérance si wa kuaminiwa. Mama, macho yakiwa bado yamefungwa, akauliza nani ameanguka. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kikubwa ambacho nyumbani tulikisikia tu siku Baba anaporudi. Alikicheka ameegemea bega la Masika wa Oicha.

Baada ya hapo alitangaza kwamba tutaandika kanuni za darasa letu wenyewe, kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani. Jumamosi yake Masika wa Oicha alishuka kutoka kwa shangazi yake, alikokuwa akikaa, akaja kwetu kupika kole. Nilidhani ni mimi nitakayekoroga, maana moto ulikuwa wetu na sufuria ilikuwa yetu. Nilitumwa maji. Niliporudi na bidoo, dumu letu la maji, walikuwa wameinamia sufuria moja, vichwa vyao vikikaribia kugusana, Mama akimwonyesha namna ya kuzuia mabonge, na mvuke ule wenye harufu ya uji ulioungua ukiwafunika wote wawili. Hakuna aliyeinua macho. Niliketi juu ya bidoo nikasubiri waone kwamba nimerudi, na nilisubiri sana.

Siku ya kuandika ilipofika, Mama alituambia kwamba sheria za mkurugenzi zipo na zitabaki, ila hizi zitakuwa zetu. "Mukishaandika," akasema, "zitanifunga hata miye." Vikundi vikaanza kusema, naye akaandika kwa kalamu nene. Tusichukue cha mtu bila kuomba. Aliyeokota kitu akilete mbele. Tusimwite mwenzetu déplacé, jina tulilowaita waliokimbia vita, na kwa hilo kila mtu alimtazama Masika wa Oicha, naye akatazama meza. Kisha akainua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mutu akichelewa," akasema, "mbele ya kumupiga azabu, aulizwe kama amefika muzuri."

Huko nyuma adhabu ya kuchelewa ilikuwa kupiga magoti mlangoni, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna jambo la kuuliza. Mama aliandika ile kanuni taratibu sana, kwa herufi nzuri kuliko zote zilizotangulia. Nilizipima kwa macho. Zilikuwa nzuri zaidi. Kabla sijashauriana na kikundi changu nilikuwa nimesimama.

"Madame, kuko ingine."

"Sema, Espérance."

"Mwalimu asipende mutoto moja kupita bengine."

Niliisema nikiutazama mgongo wa Masika wa Oicha. Nilitaka kila mtu aone ninakotazama. Madawati yakapigwa kwa viganja kama ngoma za kwaya. Nikafikiri nimeshinda. Paluku akasimama, uso wake umejaa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha.

"Madame, sisi tulikuwa tunaogopa kuisema," akasema. "Heri ameisema yeye mwenyewe."

Ndipo yakamwagika. Boksi la chaki, kwa nini ni la Espérance peke yake kila siku. Kiazi cha nyuma ya darasa, wanakijua wote, hata ukubwa wa vipande. Njia ya asubuhi, mtoto na mwalimu bega kwa bega, nani mwingine anayefika hivyo. Kavira, niliyemhesabu kuwa rafiki yangu, alisema bila chuki yoyote kwamba wao huwa wananionea wivu mpaka wengine wamezoea. Muda wote ule nilipokuwa nikijiona mwenye njaa, wao waliniona nimeshiba. Nilitaka kuwaambia wamekosea mtu, kwamba yule anayependwa ameketi pale mbele, lakini kelele zao zilinizidi.

Mama aliuliza nani anakubali. Mikono yote ikapanda. Wa Masika wa Oicha ulipanda wa mwisho, polepole.

"Na weye, Espérance?"

Nikainua wangu. Akaiandika. Kisha chini ya karatasi, mbele yetu sote, akatia sahihi yake.

Mama hakuwa mtu wa kutia sahihi ovyo. Kuanzia Jumatatu boksi la chaki lilizunguka, leo huyu, kesho yule, na zamu yangu ilipofika lilikuwa halina uzito wowote mkononi. Wakati wa mapumziko alikula ofisini pamoja na walimu wengine. Asubuhi alitoka nyumbani mbele yangu, akisema watoto wengine hawatembei na mwalimu, na mimi nikabaki nyuma makusudi hadi mgongo wake upotelee kwenye ukungu, ili asije akageuka akaona sura yangu. Kanuni ilimfunga kwa upande wa pili vilevile. Masika wa Oicha hakuja tena kwetu Jumamosi. Hakuitwa tena mbele ya wengine. Nilimchunguza nione kama anaumia, maana angeumia ningepata faida kidogo. Alikaa tu, akainamia daftari lake. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, namna alivyojua kukosa kitu bila kufanya lolote.

Mvua za msimu ule zilikuwa kali. Asubuhi moja niliteremka hadi bondeni nikakuta ubao wa kuvukia kijito umekwenda na maji. Mama alikuwa amekwisha kuvuka kabla haujang'oka. Watu walisimama kila upande wakiitana. Nilirudi nikazunguka kwa njia ya tanuri za matofali, nikaanguka, nikapoteza kiatu kimoja kwenye tope nikarudi kukitafuta kwa mikono. Nilipofika shuleni hesabu ilikuwa imekwisha na somo la pili limeanza. Nilisimama mlangoni, matope hadi kiunoni, maji yakichuruzika kutoka kwenye sketi.

Mama alikuwa ubaoni, anaandika. Mkono wake ukasimama. Hakugeuka.

Nilingoja. Kanuni ilikuwa ukutani, kila mtu aliijua: mtu akichelewa aulizwe kwanza. Nilimtazama mgongo, nikasema moyoni, sasa, sasa lazima aniulize, imeandikwa. Nilihesabu ukimya wake kuwa hasira juu ya matope. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujua hesabu za sehemu, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kushindwa kugeuka kwa sababu uso wake hauko tayari kuonwa.

Masika wa Oicha alisimama kutoka kwenye dawati lake. Alikuja hadi mlangoni, akanitazama kuanzia miguu hadi kichwani kama mtu anayekagua kitu kilichovunjika, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Umefika muzuri?"

"Muzuri," nikasema.

Akarudi kuketi. Nami nikaenda mahali pangu, nikiacha nyayo za tope sakafuni. Ningependa kusema kwamba siku ile nilimpenda. Sivyo. Nilikuwa nimetembea njia yote ile nikilitaka swali hilo kutoka kwa mtu mmoja tu, na hata hilo alilifikia yeye kwanza.

Aliondoka kabla mwaka wa shule haujaisha. Mjomba wake alikuja kumchukua, wakae kwanza Beni, kisha warudi Oicha kwenye kakao yao kama hali ingeruhusu. Alizunguka darasani akitupa mkono mmoja mmoja. Mama naye alimpa mkono, sawa na alivyompa mtoto yeyote aliyehama mwaka ule, akamtakia safari njema, akarudi kwenye somo. Nilimlinda kwa macho. Hakuvunja kanuni hata kwa upana wa kidole.

Jioni ile alikuwa jikoni, nami nilikuwa uani nakunja nguo. Nikasikia akiita: "Masika." Sikuitika. Nyumba ilikuwa na Masika mmoja tu, lakini sikuwa na hakika ni nani anayeitwa. Akaita tena, chini zaidi, karibu kama anajisemesha. Hatimaye nikaenda. Alikuwa ameketi mbele ya ungo wa maharage. Akanisogezea nusu nichambue, na tukachambua hadi yakaisha.

Miaka imepita. Nimeolewa hapa Beni, na nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, Mama alipanda gari kutoka Butembo akaja kukaa nami. Ameacha kazi sasa. Joto la hapa linamchosha, lakini alinikataza kugusa maji, akafua kila kitu mwenyewe uani, ameketi kwenye kigoda na beseni kati ya magoti. Siku moja nilitoka nikaketi karibu naye, mtoto amelala ndani, na swali likanitoka bila kupangwa.

"Mama, ule mwaka wa sixième, ulikuwa unamupenda Masika wa Oicha kunipita miye?"

Nilikuwa na hakika atacheka, au atasema mambo gani hayo. Maisha yangu yote nilikuwa nimelitayarishia lile jibu la hapana, na namna ambavyo nisingeliamini. Alikamua nepi, akaikung'uta, akaitundika kambani.

"Siku zingine, ndiyo," akasema.

Aliketi tena. Alisema Masika alikuwa mtoto mwepesi kupendwa, kwa sababu hakuwa anamwomba kitu. Mimi kila aliponitazama aliona nampima, na kwa jioni zile alizorudi amechoka aliogopa kupimwa akutwe amepungua. Alisema hivyo bila ukali, kama anavyoeleza bei ya chumvi. Kisha akasema kwamba jambo lililomuumiza zaidi mwaka ule lilikuwa njia.

"Nilikuwa natembea polepole," akasema. "Kila asubui. Nilikuwa nasema, atakimbia, atanifikia. Haukukimbia hata siku moja."

Nikamweleza nilivyokuwa nikibaki nyuma ya mikaratusi nikingoja apotee. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Akaniuliza nilikuwa nataka nini, siku ile niliposimama mbele ya wenzangu na kumtungia sheria.

"Nilitaka unipende miye tu," nikasema.

"Basi juu ya nini haukusema vile?"

Alinitazama bila kunilaumu, akitaka kweli kujua. Kisha akaingiza mikono kwenye beseni akavuta shuka letu kubwa, zito kwa maji, akanitupia ncha moja. Nikasimama nikaishika. Yeye akasokota kwa upande wake, mimi kwa upande wangu, tukavutana, na maji yakamwagika miguuni mwetu hadi yakaisha.